Chini ya Daraja la Reli

Kisanduku nimekifunga penye usukani kwa vibanio vya bomba,
nikakivisha mfuko wa sandwichi, maana kampuni
ilikiunda kwa ajili ya magari, kwa watu wenye paa.
Antena ni kama biskuti nyeusi yenye sumaku,
imeng'ang'ania madigadi ya nyuma.
Waya mmoja unapita chini ya kiti,
mwingine unapanda hadi kwenye helmeti,
hadi sikio langu la kulia, lile zima.

Najua wanachosema Thedford, pale kituo cha mafuta:
Lowell Hruska ana miaka sitini na tisa
na analipa kila mwezi ili asikie upepo.
Ni kweli. Ukipita maili sitini kwa saa
upepo ndio mtangazaji, wengine wageni wake.
Lakini saa mbili usiku, jua bado liko juu,
Juni huku ndivyo ilivyo,
stesheni ya madereva wa malori husoma hali ya barabara,
na anayesoma ni Corinne.
Anajiita Corinne Vale. Hruska aliliacha getini
siku niliyomwambia maneno ambayo sitayarudia hapa
wala pengine.

Miaka minane, hakuna aliyeinua simu.
Sauti yake inatoka kwenye chumba fulani Nashville,
inapanda maili elfu ishirini na mbili na ushei,
inagonga chuma kisicho na mtu ndani,
inageuka, inashuka zote zile,
inanitafuta kati ya vilima vya mchanga na ng'ombe weusi,
inaingia bila hodi.
Ningali najua anavyovuta pumzi kabla ya kusema "Nebraska".
Hulisema haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

Jumanne ile nilikuwa nimeshavuka Seneca.
Mbele yangu wingu, kijani kama chupa.
Nikajiambia, litapita kaskazini.
Ndipo akasema: Barabara ya Pili, Thedford hadi Mullen,
mvua ya mawe, makubwa kama mayai ya kuku.
Malori, punguzeni mwendo.
Akanyamaza kidogo.
Na kama kuna mtu kule yuko kwenye pikipiki,
atafute pa kujificha. Sasa hivi. Asijifanye anajua.

Hakuna karatasi ya ofisi iliyoandikwa "asijifanye anajua".
Hilo ni la mama yake.

Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu
hawakumwachia nafasi mkuu asiyesikia la mtoto.
Mguu mimi nimeshavunja mara mbili.

Nikakata kona, nikajibanza chini ya daraja la reli,
njiwa, makopo, harufu ya lami ya mataruma.
Mara mawe yakaanza, lami nzima ikirukaruka,
nyeupe, kama mtu amepasua gunia.
Nilikuwa mkavu. Nilikuwa mzima.
Na redio ikafa.
HAKUNA MAWIMBI, kioo kikasema,
zege na chuma vimekaa kati yangu na anga.
Nimemtii mara moja maishani
na palepale nikampoteza.

Basi nikaibandua antena,
nikauvuta waya hadi mwisho wake,
nikasimama ukingoni, nikanyosha mkono nje.
Jiwe la kwanza lilinipata kwenye kifundo.
La pili, kidole gumba.
"...upande wa Hyannis..." kimya. "...hadi saa tatu na..." kimya.
Nikainua juu zaidi, kiganja wazi, kama anayedai chenji yake.
Treni ya makaa ya mawe ikapita juu, mabehewa mia na kitu,
daraja likatetemeka hadi kwenye meno,
sikusikia lolote, sikushusha mkono.

Behewa la mwisho lilipopita alikuwa amerudi,
anataja bei ya dizeli North Platte,
kisha Ogallala, kisha Sidney, senti kwa senti,
na mimi ninayetumia petroli
nikazisikiliza zote.